Barua Niliyoikunjua Mbele za Bwana

Wiki mbili zilizopita tulimzika Mama Naemi. Wakati wanakwaya wanashusha sauti kaburini, mimi nilikuwa namtazama mwanawe Yusufu, mzee wa miaka sabini na ushee sasa, kanzu yake imeshika udongo magotini. Msiba ulikuwa nyumbani kwake Tangini, hapa Kibaha. Chini ya turubai moja walikaa wazee wa usharika na wazee wa msikitini wakipokezana birika la kahawa, na hakuna aliyeona ajabu, maana Tangini ilishazoea kumwona Yusufu kila Jumapili akimshika mama yake mkono mpaka mlango wa kanisa, kisha akivuka barabara kwenda kumngoja kwa fundi baiskeli. Mwenyekiti wa akina mama aliniomba niseme maneno mawili matatu juu ya marehemu. Nikasimama, nikasema alikuwa mkarimu na alipenda nyimbo, nikaketi. Yaliyobaki sikuyasema. Ndiyo ninayoyaandika hapa, kabla na mimi sijaimbiwa.

Habari za kwetu na za ukoo wetu naziruka, maana hazina la kumshangaza mtu. Nianze na mwaka 1975, nilipofika Kisarawe nikiwa binti wa miaka ishirini aitwaye Tumaini, mpiga chapa mpya wa ofisi za wilaya, sanduku moja la bati na vidole vyepesi. Nilipangiwa chumba nyumbani kwa Mwinjilisti Eliasi na mkewe Naemi, watu wa milimani kaskazini walioletwa pwani na kazi ya kanisa wakaota mizizi. Chumba changu kilipakana na sebule, na ukuta wa kati haukufika darini, kwa hiyo hakuna lililosemwa kule nisilisikie: maombi yao ya alfajiri, kikohozi cha Baba Mwinjilisti, Mama akimnong'oneza kwamba sukari imebaki ya siku mbili. Tulikula mihogo asubuhi, mihogo mchana, na jioni ugali wa ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano yaliyotoka nje, ambao Mama aliupika huku akiusema kana kwamba unamsikia. Lakini kisamvu chake, kilichotwangwa na kuungwa kwa tui zito, sijakipata tena popote, na nimekula mezani kwa watu wengi. Ofisini nilikuwa napiga chapa nyaraka za vijiji vipya tangu asubuhi mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyumbani niliitwa mwanangu.

Kila Jumatano saa kumi jirani waumini walikusanyika sebuleni kwa neno. Mwaka ule wote Baba Mwinjilisti alifundisha maisha ya mfalme mmoja tu, Hezekia wa Yuda, taratibu, kama mtu anayekula samaki mwenye miiba mingi. Wengine walinung'unika kwamba mfalme huyu haishi. Yeye hakujali. Alitufundisha jinsi Hezekia alivyomvunja yule nyoka wa shaba aliyekuwa kitu kitakatifu tangu siku za Musa, kwa sababu watu walikuwa wameanza kumfukizia ubani, na akatuuliza kila mmoja ana nyoka gani wa shaba nyumbani kwake. Alitufundisha jinsi mfalme wa Ashuru alivyomwandikia barua ya vitisho, na Hezekia badala ya kujibu akapanda nayo hekaluni, akaikunjua mbele za Bwana, akaomba. Somo hilo lilinikaa moyoni kupita yote. Nilikuwa nimeokoka mwaka uliotangulia, na moto wangu ulikuwa mwingi, ila ulikuwa bado haujajifunza kupika kitu. Mimi ndiye niliyekuwa nikisema amina kabla sentensi haijaisha.

Nyumba ile ilikuwa na kimya kimoja, na jina lake lilikuwa Yoeli. Alikuwa mtoto wao wa pekee aliyebaki hai. Miaka mitatu kabla sijafika, alikuwa amekuja kumwambia baba yake kwamba anamwoa binti wa Kizaramo wa Marui, kwamba wataoana kwa nikaha, na kwamba yeye sasa ni Yusufu. Baba yake akamwambia akitoka asirudi kumwita baba. Yoeli akatoka. Akaenda kulima Marui kwa wakweze, na kijiji kilipoanzishwa akaandikishwa huko. Haya nilisimuliwa na Mzee Kondo, jirani yetu mwenye mikorosho, Mwislamu aliyekuwa na desturi ya kukaa upande wa pili wa ua wa makuti kila Jumatano, anasuka mkeka, anasikiliza mahubiri yote, kisha anayakosoa. "Mwenzangu yule anajua kitabu," aliniambia siku moja, "lakini kwa mwanawe kafanya mambo ya kitoto. Miye nimemwambia. Kaninunia mwezi mzima."

Baada ya mvua za masika Baba Mwinjilisti alianza kukonda. Kukawa na uvimbe upande wa kulia, chini ya mbavu. Alipelekwa hospitali kubwa mjini, akarudi na karatasi na dawa ya maumivu, na daktari akawa amemwambia Mama akae naye tu, amlishe anachopenda. Wiki hiyohiyo, siku ya Jumatatu, aliniita kitandani. Mikono ilikuwa inatetemeka, hawezi kuandika zaidi ya jina lake. Akaniomba nimwandikie barua, kwa mkono, kwa sababu mashine ni ya serikali. Maneno yake nayakumbuka yote, maana nimekaa nayo maisha yangu. "Yoeli, mwanangu. Naumwa na sitapona. Nilikosea kukufukuza. Njoo na mke wako, njoo na mtoto, mlango uko wazi. Fanya haraka. Baba yako." Alitia sahihi, ikapinda mpaka pembeni mwa karatasi. Lori la wilaya lilikuwa linapeleka mbegu Marui kila Ijumaa, na mimi ndiye niliyejuana na dereva. Akanikabidhi.

Jumatano katikati ya siku hizo mbili, somo lilikuwa ugonjwa wa Hezekia. Baba Mwinjilisti alifundisha akiwa amelala, mlango wa chumba umefunguliwa ili sauti itufikie sebuleni. Alisema nabii Isaya alimwendea mfalme, akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake maana atakufa. Hezekia akaugeukia ukuta, akaomba, akalia sana, na Mungu akamwongezea miaka kumi na mitano. Nilisikia mpaka hapo tu. Yaliyofuata niliyasikia kwa sikio moja, maana nilikuwa nimeshaanza kuihesabu ile miaka kumi na mitano. Tulipoinama kuomba nikasimama, binti wa miaka ishirini mbele ya wazee, nikasema kwa sauti kuu kwamba Bwana amesema nami, na kwamba mtumishi wake huyu hatakufa, ameongezewa miaka kumi na mitano. Sebule ikalipuka. Mama Naemi alipiga kigelegele akadondosha kanga, akanikumbatia nikasikia machozi yake shingoni. Baadaye Baba Mwinjilisti aliuliza tu kama chai ipo.

Je, Bwana alikuwa amesema? Nimejiuliza swali hili kwa miaka mingi kuliko aliyoongezewa Hezekia. Najua nilimpenda mzee yule. Najua nilitaka asife, nikataka kwa nguvu mpaka matakwa yangu yakaanza kuzungumza, nami nikadhani ni sauti nyingine. Siku hizi mtu akiniambia Bwana amemwambia, namwomba kwanza aketi anywe maji. Siku zile hakukuwa na wa kuniambia hivyo, isipokuwa Mzee Kondo, aliyenisimamisha getini kesho yake. "Nabii wenu alisema wamwekee tini kwenye jipu," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Nyie mmesoma dawa, mkaishia kuimba. Hizo tini ziko wapi?" Nikamjibu kwamba sisi tunatembea kwa imani. Akanitazama, akatikisa kichwa. Baada ya siku mbili alipanda basi kwenda mjini, akazunguka Kariakoo kutwa, akarudi na kifurushi cha gazeti. "Tini sikupata," alisema, akiweka kifurushi kando ya kitanda. "Hizi tende. Ni ndugu yake." Baba Mwinjilisti alikula tatu, na wale wazee wawili wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu kwa maumivu.

Na ile barua? Ijumaa ilipofika niliitoa kwenye mkoba nikaisoma tena. Naumwa na sitapona. Nikaona siwezi kupeleka maneno hayo. Bwana amesema mtu ataishi, halafu mimi niliyetumwa kulisema nipeleke karatasi inayosema atakufa? Huko si kukosa imani? Nikaamua kufanya mbele za Bwana kama Hezekia alivyofanya. Lori likaondoka bila barua. Jioni nikafunga mlango wa chumba changu, nikaikunjua juu ya sanduku la bati, nikapiga magoti mbele yake, nikasema, Bwana, ione barua hii. Mwonyeshe Yoeli baba yake akiwa mzima. Nilipanga kwamba Baba Mwinjilisti akiinuka ataandika nyingine, ya furaha. Nilifanya hivyo kila jioni, nikijiona nimefanana na wafalme. Kila Ijumaa lori liliondoka, na kila Ijumaa mimi nilikuwa na amani kubwa.

Wiki zikapita sita. Mzee hakuinuka. Alikuwa akisikia ngurumo ya lori likirudi kutoka vijijini anafumbua macho, anamtuma Mama atazame barabarani, na Mama anarudi anasema hakuna mtu. Wiki ya nne akaacha kumtuma. Wiki ya tano akageukia ukutani, akabaki hivyo, anakula kidogo akiwa ametupa mgongo. Watu wa Jumatano walifurahi wakisema tazama, kama Hezekia. Mimi pia nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Na Mama aliniambia jikoni, akiwa na uso uliochanganyikiwa, kwamba hana wasiwasi, lakini mbona mwenye miaka kumi na mitano hamalizi hata kikombe cha uji.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa barazani nyuma ya dirisha lao nachuja tui, mikono imezama kwenye beseni. Ndani nikasikia Baba Mwinjilisti anamwambia mkewe, polepole, "Naemi, amekataa. Usimlaumu. Ni haki yake. Mimi ndiye nilianza." Mama akasema labda barua imepotea. Akasema, "Haikupotea. Tumaini aliitia mkononi mwa dereva. Amesoma akakataa, nami nimeelewa." Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu mzima, kilio cha mtu asiye na nguvu za kulia. Mama akatoka kwa mlango wa mbele, akaenda kwa Mzee Kondo kuomba mtu wa kukaa naye. Nikabaki na beseni. Siwezi kueleza jinsi imani ya wiki sita inavyoweza kumtoka mtu kwa dakika moja, ikamwacha amesimama na jambo alilolitenda.

Niliingia mikono ikidondosha tui sakafuni. Nikapiga magoti upande wa ukutani, katika upenyo mwembamba kati ya kitanda na ukuta, ili anione uso. Nikamwambia barua haikwenda. Nikamwambia yote, pamoja na sanduku la bati na kupiga magoti. Nilitarajia anilaani. Macho yake yalinitazama, kisha nikaona kitu kama mwanga kinapanda usoni mwake, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ni furaha. "Kwa hiyo hakukataa," alisema. Nikasema hapana, Baba, hakuiona. "Hakukataa," akarudia. Akafumba macho, akapumua. Alipoyafumbua alikuwa mwalimu tena. "Mwanangu, ile barua aliyoikunjua Hezekia hekaluni ilikuwa ya adui. Hii ilikuwa ya mtoto. Ya mtoto inapelekwa." Nililia nikamwambia nimemkosea Mungu, nimesema uongo kwa jina lake mbele ya watu wote. Akaniuliza kama Jumatano ile nilisikia somo mpaka mwisho. Nikasema sikusikia. "Isaya alikuwa ameshamwambia mfalme kwamba atakufa," alisema, "akatoka. Hajafika hata nje ya ua, akaambiwa rudi, kaseme vingine. Na nabii mkubwa yule akarudi. Hakuona haya. Basi na wewe rudi. Kesho nenda Marui." Akaongeza, "Mama yako usimwambie leo. Atakuchapa na mwiko, na mimi sina nguvu za kuamulia."

Nilikwenda Jumapili, siku ambayo sikuwahi kukosa kanisa. Nilipanda basi la asubuhi mpaka njia panda, kisha nikatembea saa nyingi katikati ya mikorosho na mashamba ya mihogo, viatu mkononi. Nikamkuta Yusufu anaezeka paa la jirani yake, akiwa juu kabisa na makuti begani. Akashuka. Nikampa barua mikono miwili. Akaisoma amesimama, akafika chini kwenye sahihi iliyopinda, akarudi juu kwenye tarehe. Alikaa na tarehe ile. Kisha akanitazama mimi, na vumbi langu, na macho yangu yaliyovimba, na najua kwamba alielewa kila kitu. Alisema tu, "Anapumua?" Nikasema anapumua. "Ngoja nimwite mama Zena," akasema, na akanichukulia mkoba.

Tulifika siku iliyofuata, alasiri, sisi watatu na mtoto mgongoni. Baba Mwinjilisti alikuwa ameugeukia ukuta. Yusufu alisimama mlangoni kama mtu anayengoja ruhusa, miaka mitatu yote imesimama naye, kisha akasema, "Shikamoo, baba." Mzee akajigeuza mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, jambo ambalo alikuwa hajaliweza kwa wiki mbili. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mbona mmechelewa, chakula kimepoa." Hakukuwa na chakula chochote, tulijua sote. Mama Naemi akakimbilia jikoni kukipika akilia kwa sauti. Mke wa Yusufu, Mwanahawa, akapiga magoti kumsalimu mkwewe, na mzee akaomba Zena awekwe kitandani kando yake. Mtoto akaanza kumvuta ndevu.

Hakuishi miaka kumi na mitano. Aliishi siku tisa. Katika siku hizo Yusufu alimwogesha, alimnyoa, alimlisha uji kwa kijiko, na saa za sala zilipofika Mama Naemi mwenyewe alimtandikia mkeka sebuleni, palepale tulipokuwa tukikaa Jumatano, akatuambia tupunguze sauti. Jumatano ya mwisho Baba Mwinjilisti alitaka kumaliza mfalme wake. Alitufundisha kwa maneno machache, yakikatika. Hezekia alipopona alijivuna, akawaonyesha wageni wa Babeli hazina zake zote, na alipoambiwa kwamba wanawe watachukuliwa utumwani alijibu kwamba neno hilo ni jema, ili mradi siku zake yeye kuna amani. "Alikuwa mfalme mwema," alisema Baba Mwinjilisti, mkono wake juu ya mkono wa Yusufu. "Lakini hapo msimfuate. Mimi nilimfuata hapo miaka mitatu. Nilikuwa na amani yangu, na mwanangu yuko mbali." Kutoka ng'ambo ya ua Mzee Kondo akaitikia, "Umesema kweli!" na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kukosoa.

Mimi nilisimama Jumatano hiyohiyo nikawaambia waumini kwamba niliyosema yalikuwa ya moyo wangu. Wengine waliacha kunisalimia. Mama Naemi sikumwambia habari ya barua, siku hiyo wala siku nyingine. Niliolewa, nikabaki Kisarawe, nikawa mzee wa kanisa. Yusufu alipojenga Tangini na kumchukua mama yake, nilikuwa naenda kumwona mara kwa mara, ila nilichagua siku ambazo najua mwanawe hayupo. Mama alikuwa akinipikia kisamvu, akiniambia nimekonda, akinifungia kingine cha kupeleka nyumbani. Mikono yangu ilikuwa inapokea huku moyo unasema, angejua.

Siku ya maziko, watu walipopungua, Yusufu alikuja na sahani mbili za wali akakaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu. Tukala kidogo. Kisha nikaona kwamba nisipouliza leo nitakufa nalo. Nikamwuliza, kama barua ile ingefika Ijumaa yake, angekuja? Nilitumaini, nakiri, kwamba angeniambia hapana, kwamba siku zile bado alikuwa na hasira, kwamba angeichana. Ni jambo ambalo mtu mwema angeweza kulisema kwa mwanamke mzee msibani, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Ningekuja siku ileile," alisema. "Kwa miguu."

Nikaweka sahani mapajani. Akaiacha kauli yake ikae, hakuifuta wala kuipunguza. Nikasema afadhali mama yake hakujua.

"Mama alijua, dada," akasema. "Nilimwambia mwenyewe, wiki ya msiba wa baba, nikiwa na hasira nawe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama umeshakula."

Akachukua kijiko changu kilichoanguka, akakifuta kwa ncha ya kanzu yake, akanirudishia.